Kabla Vibarua Hawajaingia Ghalani, Kagua Mambo Haya Manne



Msimu wa mahindi ndio huu, wengi mnatafuta ghala na vibarua wa kupukuchua na kupanga magunia. Nikitembelea ghala huwa naanza kuangalia watu, mahindi baadaye. Hatari nyingi ziko wazi kabisa, tatizo macho yameshazizoea. Kagua haya:

1. Gesi ya vidonge
Hii ndiyo inayonitisha zaidi. Vidonge vya kufukizia vya aluminiamu fosfaidi vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi, na huioni. Ukisikia harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, toka. Ila usiposikia harufu, usidhani pako salama. Kibarua akilalamika kichwa, kichefuchefu au kifua kubana, usimwambie "hiyo malaria tu". Mtoe kwenye hewa safi, mkimbize hospitali na umwambie daktari ni vidonge gani, maana sumu hii haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Vidonge usivimwagie maji, vinaweza kuwaka moto. Kufukiza mwachie aliyefunzwa. Na kama umeweka magunia chumbani kwa kuogopa wezi, usithubutu kuyatia vidonge halafu ulale humo, wala chumba cha pili.

2. Magunia
Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 peke yake. Sasa wewe unamtwisha lumbesa! Pakia kilo 50, mgongo wa mtu utadumu. Panga juu ya chaga, magunia yapishane kama matofali. Rundo likianza kuinama, mtu asikae chini yake. Wakati wa kutoa, anzeni juu, msichomoe la chini.

3. Mashine ya kupukuchua
Angalia mikanda na shafti. Haina kinga? Kazi isianze. Kanga inayoning'inia au shati lisilofungwa vifungo linavutwa mara moja, na mkono unafuata. Mahindi yakikwama, zima kwanza ndipo uzibue.

4. Vumbi
Vumbi la nafaka huumiza mapafu, la mahindi yenye ukungu ndiyo zaidi. Fungua milango, wape barakoa. Sigara marufuku, maana vumbi likijaa hewani linaweza kulipuka.

Usiseme "hao ni vibarua wa siku moja tu". Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Kama unataka kilimo biashara, hiyo nayo ni sehemu ya biashara.

Kesho asubuhi, kabla gunia la kwanza halijabebwa, zunguka ghala lako dakika kumi. Utakachokikuta kina kasoro, kirekebishe kwanza. Mahindi yatasubiri.