Nyota Betelgeuse: Jitu kuu la angani lililofika uzeeni

Na Mwandishi Wetu

MWISHONI mwa mwaka 2019 watazamaji wa anga walipatwa na mshangao. Betelgeuse, mojawapo ya nyota zing'aazo sana usiku, ilianza kufifia, na ilipofika Februari 2020 ilikuwa imebakiwa na takriban theluthi moja tu ya mwanga wake wa kawaida. Wengi walijiuliza iwapo siku ya kufa kwake imewadia.

Swali hilo lilikuwa na msingi. Betelgeuse ni miongoni mwa nyota ziitwazo majitu makuu, ambazo ukubwa wake si dalili ya nguvu za ujana, bali ya uzee.

Ili kulifahamu jambo hilo, hatuna budi kuanza na Jua letu, ambalo nalo ni nyota. Ndani ya kitovu chake, joto la takriban nyuzi milioni 15 za Selsiasi huviunganisha viini vya haidrojeni kuwa heliamu, na nishati itokanayo ndiyo mwanga tuuonao. Msukumo wa joto hilo kwenda nje hulingana na nguvu ya uvutano inayobana kwenda ndani. Kwa sababu hiyo Jua limedumu kwa miaka bilioni 4.6.

Haidrojeni ya kitovuni inapokwisha, ulinganifu huo huvurugika. Kitovu husinyaa na kuzidi kupata joto, ilhali matabaka ya nje hutanuka mno na kupoa, yakawa mekundu mithili ya kaa linaloelekea kuzimika. Hapo nyota huitwa jitu jekundu.

Aldebaran, iliyo umbali wa miaka ya nuru 65 hivi, imekwisha kufikia hatua hiyo, na upana wake ni zaidi ya mara 40 ya ule wa Jua. Jua lenyewe litaifuata njia hiyo baada ya miaka bilioni 5 hivi, kisha litabaki kiini kidogo cheupe kinachopoa polepole.

Nyota zilizozaliwa na uzito wa Jua mara 8 au zaidi hufa kwa namna nyingine. Mtu angedhani kwamba mwenye kuni nyingi hukaa na moto muda mrefu. Kwa nyota mambo ni kinyume: kadiri ilivyo nzito, ndivyo inavyoiteketeza akiba yake kwa kasi. Betelgeuse ina umri wa takriban miaka milioni 10 tu, na tayari imezeeka. Laiti ingewekwa mahali pa Jua, ingeimeza Dunia na kuvuka njia ya Mirihi.

Jitu kuu huunguza heliamu, kisha kaboni, neoni, oksijeni na silikoni, hadi kitovu chake kinapogeuka chuma. Chuma hakitoi nishati kwa kuunganishwa. Kitovu huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na nyota hulipuka. Mlipuko huo huitwa supanova. Februari 1987 jitu kuu la buluu katika galaksi jirani lilionekana likilipuka hivyo, hata kwa macho matupu.

Hata hivyo, Betelgeuse haikulipuka. Juni 2021 watafiti wakiongozwa na Miguel Montargès walieleza katika jarida la Nature kwamba nyota hiyo ilitapika gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, na vumbi lililofanyika likauziba mwanga.

Wataalamu wengi hukadiria kuwa italipuka katika miaka 100,000 ijayo. Hakuna sababu ya hofu, kwani iko mbali nasi, kati ya miaka ya nuru 500 na 700 kwa makadirio, ingawa huenda ikaonekana hata mchana.

Msomaji wa Afrika Mashariki aweza kuiona jioni za Januari hadi Machi. Atafute nyota tatu zilizojipanga mstari katika kundi la Jabari, karibu na utosi. Nyekundu iliyo kaskazini mwake ndiyo Betelgeuse. Ya buluu iliyo kusini ni Rigel, nayo jitu kuu. Mwanga wa Betelgeuse atakaouona uliianza safari karne kadhaa zilizopita. Hivyo, hata kama nyota hiyo ingekuwa imelipuka jana, vizazi vingi vingepita kabla ya habari hizo kutufikia.