Jeraha Dogo la Mashine ya Kukatia kwa Maji

Mashine ya kukatia kwa maji hupitisha maji katika tundu lisilofikia upana wa milimita moja, kwa shinikizo linaloweza kufikia baa 4,000. Tairi la gari dogo huwa na baa 2 hivi tu. Maji matupu hukata mbao laini, sponji na mpira. Kwa chuma, mawe na kioo, maji huchanganywa na mchanga mgumu.

Mkondo huo ukimpata fundi kidoleni, huacha kitundu kisichotoa damu nyingi, na mara nyingi maumivu ya mwanzo ni haba. Hapo ndipo hatari ilipo. Chini ya ngozi, maji, hewa, mchanga na uchafu hupenya kwa kufuata kano hadi kiganjani, pengine mbali zaidi. Uvimbe hubana mishipa ya damu, na nyama huweza kuanza kufa katika muda wa saa chache. Kufunga bendeji na kumrudisha mgonjwa nyumbani ni kosa zito.

Mhudumu aulize ajali ilitokea saa ngapi, maji yalichanganywa na nini, na kitu gani kilikuwa kikikatwa. Eksirei huweza kuonyesha hewa na mchanga. Vumbi la mbao, kwa kawaida, halionekani. Atoe kinga ya pepopunda na antibiotiki, auinue mkono, wala asidunge ganzi kwenye kidole chenyewe, kwani huongeza shinikizo. Kisha amfikishe mgonjwa kwa daktari wa upasuaji bila kukawia. Mgonjwa naye asile wala asinywe hadi aonwe, hata kama haumwi.