Kalenda ya Chama Inapotoa Tarehe Zisizotarajiwa



Mvuvi wa mwalo wa Katonga hununua mafuta na kutengeneza nyavu kwa kufuata tarehe. Kalenda ya chama ikikosea siku moja wakati wa kufungwa kwa ziwa, yeye ndiye atakayepata hasara. Kwa hiyo katibu aandikaye shughuli katika programu ya Emacs, kwa mpangilio wa Org uliobuniwa mwaka 2003, na kuiagiza kompyuta itoe faili la kalenda yenyewe kila usiku, hana budi kuyachunguza mambo manne.

Kwanza, shughuli isipoonekana, tazama mabano. Kwa kawaida tarehe iliyo ndani ya < > hutolewa. Iliyo ndani ya [ ] huachwa.

Pili, kazi ikitoka sawa kwa mkono lakini ikaharibika usiku, sababu yaweza kuwa kwamba Emacs ikiendeshwa bila mtu haisomi faili la mipangilio ya mwenyewe. Weka mipangilio hiyo katika faili la pekee, na amri ya usiku ianze kwa kulisoma.

Tatu, saa. Herufi Z mwishoni mwa saa maana yake ni saa za dunia, nasi tumezitangulia kwa saa 3. Mkutano wa saa nne asubuhi ni 10:00, yaani 07:00 yenye Z. Ikiandikwa 10:00 yenye Z, simu za wanachama zitaonyesha saa saba mchana, na akidi haitatimia. Tena, katibu akiandika 4:00 kwa kufuata hesabu yetu ya saa, kompyuta itaelewa saa kumi alfajiri.

Nne, shughuli ya siku nzima. Katika faili la kalenda, tarehe ya mwisho haihesabiwi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ili 15 Agosti ihesabiwe, faili huandika 16 Agosti. Org huongeza siku hiyo yenyewe. Hilo si kosa; asiyejua akiipunguza, ndipo anapokosea.

Kabla ya kuwapelekea wanachama, fungua faili katika simu moja na ulilinganishe na kitabu cha kumbukumbu. Kompyuta hutii ilichoandikiwa. Dhamana ya tarehe hubaki kwa katibu.