Pikapu Inapomisi: Kipimo Kwanza, Kipuri Baadaye

Katika njia panda ya Dumila, mahali barabara ya Kilosa inapoachana na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, pikapu si chombo cha anasa. Ndiyo inayobeba matenga ya nyanya na magunia ya mpunga kutoka mashambani, ndiyo inayopeleka mbolea vijijini, na mara nyingi ndiyo inayokodiwa usiku kumkimbiza mgonjwa hospitalini. Injini yake inapoanza kutetemeka, kukosa nguvu na kukatakata, hali ambayo madereva huiita kumisi, hasara haimwangukii mwenye gari peke yake. Nyanya hazimngoji fundi, na mgonjwa hawezi kungoja kipuri kiagizwe Morogoro.

Hasara nyingine huanzia gerejini. Taa ya injini ikiwaka, kipuri kimoja hununuliwa kwa kubahatisha. Taa isipozimika, hununuliwa kingine. Mwishowe mmiliki hugundua kuwa amelipia vipuri vitatu ilhali ubovu ulikuwa waya uliotafunwa na panya. Ili kuepuka hali hiyo, wamiliki na madereva wanapaswa kuelewa jambo moja: kompyuta ya gari huonyesha mahali dalili ilipojitokeza; haisemi ni kipuri gani kinunuliwe.

Maana ya kumisi

Silinda ya injini ya petroli huhitaji mambo manne ili ifanye kazi: hewa, mafuta, mgandamizo wa kutosha, na cheche inayotoka kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, silinda hiyo haisukumi, na nyingine hulazimika kuivuta. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwasha mafuta mara 25 kwa sekunde, hivyo hata hitilafu ndogo husikika upesi.

Kompyuta hutambua kumisi kwa njia ya kitambuzi, ambacho mafundi hukiita sensa, kinachopima mzunguko wa kranki. Silinda inapokosa kuwaka, kranki hupunguza kasi kwa kiasi kidogo mno ambacho sikio haliwezi kukipima, lakini kitambuzi hukiona. Hapo ndipo taa ya injini huwaka.

Taa hiyo ina lugha mbili. Ikiwaka bila kukatika, na gari linaendelea kwenda vizuri bila joto kupanda wala taa ya oili kuwaka, dereva anaweza kumaliza safari kwa mwendo wa taratibu na kupeleka gari likapimwe. Ikiwakawaka kwa kukonyeza, kumisi ni kukali. Petroli isiyoungua huingia katika kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la moshi na kuungulia humo, nacho hupata joto kali linaloweza kukiharibu kabisa. Dereva apunguze mwendo, atafute mahali salama na kuzima injini. Wakati wa kiangazi asiegeshe juu ya nyasi kavu, kwa kuwa joto hilo linaweza kuwasha moto chini ya gari.

Kusoma namba ya hitilafu

Katika pikapu zenye kompyuta, tundu la kuchomekea mashine ya kupimia huwa chini ya usukani. Mashine hutoa namba ya hitilafu. Namba P0300 humaanisha kuwa kumisi kunahama kutoka silinda moja hadi nyingine. P0301 hadi P0304 hutaja silinda husika, ya kwanza hadi ya nne. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kufutwa, pamoja na maelezo ya dereva: je, gari humisi likiwa la baridi, likiwa na mzigo, likipanda mlima, au baada ya mvua? Kuchomoa betri ili taa izimike hufuta ushahidi bila kutibu ugonjwa.

Chukulia kuwa mashine imetoa P0302, yaani silinda ya pili. Katika injini ambayo kila silinda ina koili yake, fundi makini huhamishia koili ya silinda ya pili kwenye silinda ya tatu, kisha huwasha gari na kupima tena. Namba ikigeuka kuwa P0303, ubovu umehama pamoja na koili, na koili ndiyo ya kubadilishwa. Namba ikibaki P0302, koili ni nzima. Jaribio hilo hilo hurudiwa kwa plagi, kisha kwa nozeli. Vyote vikionekana vizima, hupimwa mgandamizo wa silinda, kwa kuwa huenda valvu haifungi vizuri au gasketi ya silinda hedi imeungua. Majaribio ya mwanzo hayahitaji kipuri kipya hata kimoja.

Namba inapotaja kitambuzi

Namba ya kitambuzi humaanisha kwamba taarifa iliyofika kwenye kompyuta haikueleweka. Kitambuzi chenyewe kinaweza kuwa kibovu, lakini pia waya unaweza kuwa umekatika, soketi imeingia maji au tope, au waya wa athi umelegea. Panya hupenda kujificha katika injini yenye joto, hasa gari linapolala karibu na ghala la mahindi. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa macho hutangulia, kisha umeme hupimwa kwa multimita. Vitambuzi vingi hupokea volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Volti hizo zisipofika kwenye soketi, kitambuzi kipya hakitasaidia.

Mfano mzuri ni kitambuzi cha joto la maji ya rejeta. Asubuhi, kabla injini haijawashwa, joto linaloonyeshwa na mashine linapaswa kukaribiana na joto la hewa. Mashine ikionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, mtu yeyote wa Dumila anajua kuwa baridi hiyo haipo. Hiyo ni alama ya kawaida ya waya uliokatika au soketi iliyochomoka. Kompyuta inapodanganywa kuwa injini ni ya baridi, huongeza petroli, gari hutoa moshi mweusi na plagi huchafuka.

Kitambuzi cha hewa inayoingia kwenye injini nacho huathiriwa na vumbi la barabara za mashambani, hasa chujio la hewa likiwa limechanika. Husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, wala hakifutwi kwa kitambaa, kwa kuwa uzi wake wa ndani ni mwembamba sana. Kitambuzi cha kranki kina tabia nyingine: kinapoanza kufa, gari linaweza kuzima likiwa la moto na kuwaka tena baada ya kupoa. Dereva anayemweleza fundi tabia hiyo humpunguzia saa nyingi za kutafuta.

Pikapu za dizeli

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Ikimisi, mambo ya kuchunguzwa kwanza ni maji ndani ya mafuta, chujio lililoziba, hewa iliyoingia kwenye mipira ya mafuta, na nozeli. Mafundi wengi walijifunza kutafuta nozeli mbovu kwa kulegeza bomba lake injini ikiwa inaunguruma. Katika injini za zamani njia hiyo ilizoeleka. Katika injini za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta ni hatari kubwa: shinikizo la mafuta ndani ya bomba linaweza kuzidi mara 1,000 ya shinikizo la hewa ya kawaida, na mchirizi wake hupenya ngozi. Aliyepatwa na jeraha hilo apelekwe hospitali mara moja hata kama tundu linaonekana dogo.

Gari likianza kumisi muda mfupi baada ya kujazwa mafuta, risiti itunzwe na sampuli ya mafuta ichukuliwe kwenye chombo safi. Malalamiko kuhusu ubora wa mafuta hupokelewa na EWURA.

Huduma zilizopo

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi vijana kinaweza kuandaa andiko la kuomba mkopo wa vifaa vya gereji, ikiwemo mashine ya kupimia. Maelezo hutolewa na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Fundi aliyejifunzia kazi gerejini bila kupita chuoni anaweza kupimwa na kupewa cheti kwa utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi. Vyuo vya VETA vipo Mikumi na Kihonda, Morogoro.

Anayenunua pikapu iliyotumika azungushe ufunguo bila kuwasha injini na kuangalia dashibodi. Taa ya injini inapaswa kuwaka, kisha kuzimika baada ya injini kuwashwa. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa ili kuficha ubovu.

Naye anayepeleka gari gerejini aombe mambo matatu kabla ya kulipia kipuri: namba ya hitilafu iliyoandikwa, maelezo ya jaribio lililothibitisha ubovu, na kipuri cha zamani mkononi. Kazi ikiisha, gari liendeshwe likiwa na mzigo wake wa kawaida, kisha lipimwe tena kabla ya kurudi barabarani na abiria au mazao ya watu.