Chuo Kikuu cha Yale na Wanafunzi Wake

Chuo Kikuu cha Yale, chuo cha binafsi kilichoasisiwa mwaka wa 1701, kipo New Haven, Marekani. Mlango wake ni mwembamba: miaka ya karibuni, katika kila waombaji 100 wa shahada ya kwanza, hawafiki 5 wanaokubaliwa. Wanawake hawakupokelewa katika ngazi hiyo hadi 1969. Leo wanafunzi wake, zaidi ya 6,000, wamegawanywa katika dahalia 14, mbili za mwisho zikiwa zilifunguliwa 2017.

Aghalabu huitwa chuo cha matajiri. Dai hilo lina ukweli wake, ila uwezo wa kulipa karo hautazamwi wakati wa uteuzi, hata kwa mwombaji kutoka Kenya.

Linalotuhusu zaidi wanakiswahili ni sharti la lugha. Kila mwanafunzi, awe wa fizikia au wa historia, hulazimika kusoma lugha ya kigeni. Anayeingia akiimudu tayari, kwa kawaida hutakiwa kuiendeleza. Kiswahili ni mojawapo ya lugha anazoweza kuchagua. Matbaa ya chuo hicho ndiyo iliyochapisha kitabu cha Ann Biersteker, Masomo ya Kisasa, mwaka wa 1990. Kwetu, mwanafunzi wa uhandisi huagana na Kiswahili siku ya mtihani wa kidato cha nne, na hakuna anayemuuliza.