Kikapu kinachopika bila moto: unakwenda mpakani, maharage yanaiva nyumbani

KUNI na makaa vimenifuata maisha yangu yote. Nilipokuwa msichana katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kazi yangu ilikuwa kutafuta kuni. Mgao wa mahindi na maharage tulipewa, lakini maharage makavu hayaliwi bila moto, na kuni tulizifuata nje ya kambi. Wanawake waliopita katika kambi zile wanajua yaliyotupata huko porini. Wapo waliopigwa, wapo waliobakwa, na wapo ambao mpaka leo hawataki kuyasimulia.

Kambi ilipofungwa mwaka 2012 nilirejea Burundi, nikakaa Mabanda. Nilidhani habari ya kuni imekwisha. Kumbe nilikuwa nimetoka kwenye kuni za kubeba kichwani na kuingia kwenye makaa ya kununua.

Mimi ni mchuuzi wa mpakani. Natoka nyumbani kabla jua halijachomoza, napita Mugina na kuvuka hadi Manyovu nikiwa na parachichi na ndizi, na jioni narudi na chumvi na nguo za mitumba. Anayefanya biashara hii anajua kwamba faida ya siku ni ndogo. Ukitoa ushuru, nauli na matunda yaliyoharibika njiani, kinachobaki kinagombaniwa na chakula na makaa. Zipo wiki nilizopiga hesabu nikakuta makaa yamekula fedha nyingi kuliko maharage niliyoyapika.

Hata hivyo, hasara kubwa haikuwa ya fedha. Maharage yalikuwa yakikaa saa tatu juu ya imbabura, kama tunavyoliita jiko la makaa huku kwetu. Mimi niko mpakani, mama yangu mzazi macho yamepungua nguvu, hivyo aliyebaki kuchochea moto ni binti yangu. Yeye alikuwa akisoma zamu ya mchana. Siku maharage yalipochelewa kuiva, naye alichelewa shule, na siku nyingine hakwenda kabisa. Mwalimu wake aliponiita na kunionyesha vipindi vya hesabu alivyokosa, niliona aibu. Mimi kuni ziliniondolea utoto wangu, na sasa makaa yalikuwa yanamwondolea mwanangu shule.

Niliyoyaona Manyovu

Siku moja sokoni Manyovu nilikaa karibu na mama mmoja mtu mzima anayeuza mablanketi ya mitumba. Ilipofika saa saba mchana alivuta kikapu kilichofunikwa kwa mto, akafungua, akatoa sufuria. Mvuke ulitoka. Ndani mlikuwa na wali na maharage, vya moto kabisa.

“Shikamoo mama,” nilimwambia. “Jiko liko wapi?”

“Marahaba mwanangu. Jiko nimeliacha nyumbani tangu alfajiri. Kinachopika ni hiki kikapu.”

Nilicheka, nikidhani ananitania. Akanipakulia nionje. Maharage yalikuwa laini kama yaliyokesha motoni.

Baadaye nilifahamu kwamba jambo hili si geni duniani. Mwaka 1867 Mnorwe aitwaye Johan Sørensen alionyesha sanduku la kupikia la namna hiyo katika maonyesho makubwa ya Paris. Wakati wa vita kuu mbili za dunia, familia nyingi za Ulaya zilipika katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kubana matumizi ya kuni na makaa. Afrika Kusini nako, mwaka 2008, umeme ulipokuwa ukikatwa mara kwa mara, Sarah Collins alianza kutengeneza mfuko wa kitambaa wa kupikia uitwao Wonderbag, ambao umeuzwa katika nchi nyingi. Sisi hatuhitaji kununua. Vifaa vyake vimejaa kwenye masoko yetu ya mitumba.

Kinavyofanya kazi

Chakula hakipikwi na moto, kinapikwa na joto. Sufuria ikishachemka, kazi ya moto unaoendelea kuuchochea ni kurudisha joto linalotoroka kwenye upepo na kwenye mvuke. Joto linalogeuza lita 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke lingetosha kuchemsha lita 6 za maji ya baridi. Kila mvuke unaouona ukipanda darini ni makaa yako yanayopotea. Ukiizuia sufuria isipoteze joto, chakula kinaendelea kuiva chenyewe.

Tukumbuke pia makaa yanatoka wapi. Kwa tanuru letu la udongo, kilo 1 ya makaa hula kilo 6 za kuni au zaidi. Kisha upo moshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Makaa hayatoi moshi mwingi kama kuni, lakini hutoa gesi isiyo na harufu ambayo huua watu katika vyumba vilivyofungwa.

Namna ya kutengeneza

Chukua kikapu kirefu, au sanduku la karatasi ngumu, ambacho sufuria ikikaa katikati inabaki nafasi ya sentimita 10 kila upande na chini yake. Tandika vipande vya blanketi kuukuu, sufi, sponji la godoro lililokatwakatwa au majani ya migomba yaliyokauka vizuri. Shindilia kiasi, usibane sana, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya vitu hivyo. Acha shimo la kukaa sufuria, kisha lifunike kwa kitambaa safi kinachoweza kufuliwa. Shona mto mnene wa kufunika juu, maana joto jingi hutorokea juu.

Anayetaka mfuko wa kubeba njiani ashone kitenge tabaka mbili, ajaze sufi au sponji katikati, na apitishe kamba mdomoni ili ufunge kwa kuvuta. Sufuria zetu zisizo na mikono zinafaa sana, mradi kifuniko kikae sawasawa. Vitu vyote viwe vikavu. Blanketi lenye maji halihifadhi joto, na likinuka uvundo chakula nacho kitanuka.

Nilivyokosea mwanzoni

Kikapu cha kwanza nilikitengeneza kwa siku moja, na siku hiyo hiyo nikaharibu. Sikuloweka maharage. Niliyachemsha dakika tano, nikayafungia, na kila saa nikafungua kuangalia. Jioni nje yalikuwa laini na ndani magumu. Kwa kuwa njaa haina subira, tuliyala hivyo hivyo, na usiku ule nyumba nzima ilipishana mlangoni kwa kuhara. Mama yangu alisema nisimletee tena uchawi wa sokoni.

Nilirudi Manyovu kulalamika. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwanangu, kikapu hakichemshi. Kikapu kinatunza ulichochemsha. Ukikipa kidogo, kitatunza kidogo.”

Alikuwa na haki. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na maji yanayochemka kabisa. Joto la chini ya nyuzi 80 haliiondoi. Kwa hiyo fuata hatua hizi bila kuruka:

Maharage: Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mengine. Chemsha dakika 30 zikitokota kweli, kifuniko kikiwa juu. Ondoa motoni, ingiza kikapuni mara moja, acha saa 4 hadi 6. Ukifungua, rudisha motoni yachemke tena, kisha weka chumvi, kitunguu na mawese.

Wali: Ukishachemka, acha motoni dakika 5, kisha kikapuni saa 1. Punguza maji kama robo, kwa sababu hayakauki.

Nyama: Kata vipande vidogo, chemsha dakika 20, kikapuni saa 3 hadi 4, kisha chemsha tena kabla ya kula.

Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Chakula kidogo hupoa haraka. Wenzetu wa milimani waongeze muda. Kando ya Ziwa Tanganyika maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, lakini kwenye milima inayopita mita 1,800 huchemka kwenye nyuzi 94 tu, ndiyo maana maharage ya huko huwa magumu kuiva.

Usiyoyaweka kikapuni

Bugali, chapati na vya kukaanga havipikwi humo. Sombe nalo lina sharti lake. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sufuria ikiwa wazi. Chemsha wazi kwanza hadi utakapoiona kazi ya moto imekamilika, ndipo uyafungie yalainike.

Jambo la mwisho ni muda. Vijidudu hustawi chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60. Usilaze chakula kikapuni mpaka kesho. Ukikuta wali umekuwa vuguvugu baada ya saa nyingi, usiule hata ukiupasha, kwa sababu sumu wanayoacha vijidudu vyake haiondoki kwa moto.

Hali ilivyo sasa

Siku hizi naamka saa 10 alfajiri. Maharage yaliyolowekwa tangu jioni yanachemka huku nikifunga mzigo. Kabla ya saa 11 yako kikapuni, moto nimeuzima, na makaa yaliyobaki nimeyafunika kwa majivu. Saa 4 asubuhi bibi na mjukuu wanafungua, wanachemsha tena kidogo na kuunga. Gunia la makaa lililokuwa likiisha kwa wiki tatu linafika wiki tano. Tofauti hiyo naiongeza kwenye mtaji.

Mama yangu, aliyekiita uchawi, ndiye anayewakaripia majirani wakitaka kufungua kabla ya wakati. Mimi na wenzangu watatu wa safari ya Manyovu tunanunua mablanketi yaliyochanika kwa bei ya kutupwa, na kila Jumapili tunashona mfuko mmoja kwa zamu, hadi kila nyumba ipate wake.

Ndugu zangu mnaorejea, najua mnavyofika: sufuria mbili, blanketi, na nyumba isiyo na jiko. Msilitupe blanketi hilo likichanika. Nanyi wachuuzi wenzangu, kabla ya kukopa fedha za kuongeza mtaji, tazameni kwanza kinachoungua jikoni.

Binti yangu sasa hana siku anayokosa shule kwa sababu ya maharage. Muhula uliopita alileta karatasi ya hesabu. Hakuwa wa kwanza, lakini alikuwa amefaulu, na nilipomuuliza ni zawadi gani anataka, alisema tumshonee mwalimu wake mfuko.