Kibofu cha Mkojo Kinapotengwa na Ubongo

Mgema aangukaye kutoka kileleni mwa mnazi na kuvunjika mgongo huokotwa na watu ambao jambo la kwanza waonalo ni miguu yake. Haisogei, wala haina hisi hata ikifinywa. Kuanzia siku hiyo maswali ya jamaa huwa ni ya miguu tu: je, atatembea tena? Tabibu mzoefu, pamoja na kuitazama miguu, huweka kiganja chake chini ya kitovu cha mgonjwa. Mara nyingi hukuta hapo uvimbe wa mviringo: ni kibofu kilichojaa mkojo, na mwenyewe hana habari nacho. Miguu iliyopooza haimwui mtu. Kibofu kilichosahauliwa chaweza kumwua, tena polepole, kwa kupitia figo, bila maumivu ya kumtahadharisha.

Kibofu ni mfuko wa misuli. Kwa mtu mzima huchukua kiasi cha mililita 400 hadi 500, nacho kina kazi mbili zipinganazo: kuhifadhi na kutoa. Kinapohifadhi, ukuta wake hulegea na msuli wa mlangoni hubana. Kinapotoa, ukuta hujikaza na mlango hulegea papo hapo. Upatano huu huongozwa na vituo vitatu. Cha chini kimo katika ncha ya ugwe wa mgongo, yaani lile fungu la neva lipitalo ndani ya pingili, karibu na mahali mbavu zikomapo. Cha pili kimo katika shina la ubongo, nacho ndicho kipatanishacho ukuta na mlango. Cha tatu kimo sehemu ya mbele ya ubongo. Ndicho kimzuiacho mtu mzima asijikojolee barazani, na ndicho ambacho kwa mtoto mchanga hakijakomaa bado.

Kwa hiyo mahali pa jeraha ndipo paamuapo namna ya ugonjwa. Wiki chache za kwanza kibofu huzimia kabisa. Baadaye, ikiwa ugwe ulikatika juu ya kituo cha chini, kituo hicho huamka na kufanya kazi peke yake, kama mabaharia wasio na nahodha: huyu atweka tanga, yule ashusha nanga. Ukuta wasukuma mkojo ilhali mlango umebana. Shinikizo hupanda, na mkojo waweza kurudi juu hadi kwenye figo. Mwaka 1981 Edward McGuire na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba watoto ambao shinikizo la kibofu chao lilipita sentimita 40 za maji kabla mkojo haujavuja ndio waliokuwa katika hatari kubwa ya kuharibika figo.

Ikiwa kituo chenyewe cha chini ndicho kilichoharibika, kibofu hulegea kama kiriba, hujaa, kisha hufurika. Hapo ndipo jamaa hudanganyika: wauonapo mkojo ukidondoka hushukuru kwamba mgonjwa anakojoa, kumbe yale ni matone ya mtungi uliofurika.

Si ajali peke yake iletayo hali hii. Kifua kikuu cha pingili za mgongo, mayai ya kichocho yaliyonasa katika ugwe, kisukari cha miaka mingi, na hata kiharusi, vyote huweza kukiharibia kibofu mawasiliano yake. Wale watoto wa utafiti wa McGuire walikuwa wamezaliwa na mgongo wazi. Kasoro hiyo hutokea katika siku 28 za kwanza za mimba, mara nyingi mama akiwa hajajua kwamba amechukua mimba. Ndiyo sababu asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, yapasa ianze kumezwa mapema. Kungoja kliniki ya wajawazito ni kuchelewa.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi waliovunjika mgongo walikufa kwa maambukizo ya mkojo na kwa vidonda vya kulala. Ludwig Guttmann, aliyeanzisha kituo cha majeruhi wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alipinga desturi ya kumwacha mgonjwa na mpira wa mkojo mchana na usiku. Mpira uliingizwa, mkojo ukatoka, mpira ukaondolewa. Kisha tena baada ya saa kadhaa. Lakini ilikuwa kazi ya waganga, kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Ni nani angeweza kuchukua chumba cha upasuaji hadi nyumbani kwake?

Jibu lilitolewa mwaka 1972 na Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan. Alishikilia kuwa adui mkubwa si kijidudu bali ni kibofu kutanuka mno: ukuta uliovutwa hukosa damu ya kutosha, na ukuta uliokosa damu hauwezi kujikinga. Kibofu kikitolewa mkojo kwa wakati, vijidudu vichache vilivyoingia na mpira havipati nafasi ya kukaa. Basi mgonjwa na ajifanyie mwenyewe, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni na maji, na kwa mpira safi tu.

Namna yenyewe si ngumu. Mpira mwembamba hupakwa kilainisho, huingizwa katika njia ya mkojo, huachwa mpaka mkojo ukome, kisha huvutwa taratibu. Hufanywa mara nne hadi sita kwa siku, mkojo wa kila mara usizidi mililita 500. Wanawake huanza kwa kutumia kioo. Baadaye vidole vyenyewe huijua njia. Kwa kibofu chenye shinikizo kubwa daktari huongeza dawa ya kulegeza ukuta, kama oksibutinini, ijapokuwa hukausha kinywa na kufunga choo. Vijidudu vikionekana katika kipimo pasipo homa wala dalili nyingine, kwa kawaida havitibiwi, kwa kuwa antibiotiki zitolewazo ovyo huzaa vijidudu sugu. Anayekandamiza tumbo lake kwa nguvu ili akojoe huenda anausukuma mkojo kuelekea figoni. Naye aliyeumia mgongo juu ya usawa wa katikati ya kifua, akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho la uso, aketishwe na kibofu kitolewe mkojo mara moja: shinikizo la damu laweza kupanda kiasi cha kuua.

Kwa maoni yetu, somo hili lingetangulia hata kiti cha magurudumu. Mtoto wa miaka sita au saba mwenye mikono mizima aweza kujifunza. Shuleni atahitaji choo chenye mlango unaofungika, maji na sabuni, na mwalimu asiyemwuliza mbele ya wenzake anakwenda wapi.